Daktari Fuller, mtoto wa Monrovia aliyejifunza maradhi ya kusahau kwa Alzheimer mwenyewe

Jina la Alzheimer limefika hata kwenye baraza zetu za kahawa. Mzee akiuliza jambo moja mara tatu kabla chai haijapoa, hakosekani kijana wa kulitamka jina hilo, akilipatia au akilikosea. Jina la Solomon Carter Fuller halitamkwi na mtu. Ilhali huyu ni Mwafrika, mzaliwa wa Monrovia, aliyeketi katika maabara ya Alzheimer kule Munich, akajifunza kazi, akavuka nayo bahari na akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuieleza kwa kina katika lugha ya Kiingereza.

Nimeona nimsimulie wiki hii kwa sababu ya swali ambalo wauguzi na wahitimu wetu walioko Kitengela na Kajiado hawana budi kuliuliza: mtu apate wapi mafunzo ya kutafiti huduma za wagonjwa wa kusahau, na akishayapata arudi nayo wapi? Fuller aliliishi swali hilo, sehemu zake zote mbili.

Wapo watakaosema Kajiado ni bara na haituhusu. Inatuhusu. Chuo Kikuu cha Umma kiko Kajiado, na watoto wa Pwani wanasomea huko. Kitengela nako kumejaa familia zilizotoka kila pembe ya nchi kufuata kazi za Nairobi na viwanda vya Athi River. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu laki moja na nusu katika mji ambao juzi tu ulikuwa malisho ya ng'ombe. Familia hizo zina wazazi, na wazazi wanazeeka, wengine wakiletwa kuishi na watoto wao kwenye nyumba za kupanga wasizozijua mlango wala njia.

Fuller alizaliwa tarehe 11 Agosti 1872. Babu yake, John Lewis Fuller, alikuwa mtumwa Virginia, Marekani, akajinunulia uhuru wake na kuhamia Liberia. Baba alikuwa na shamba la kahawa na kazi serikalini. Kwa upande wa mama kulikuwa na wamishonari waliokuwa pia waganga, kwa hivyo habari za kutibu watu zilikuwamo ndani ya ukoo kabla yeye hajazaliwa. Mama huyo, Anna, alifungua shule ili mwanawe na watoto wa jirani wasome.

Mwaka 1889, akiwa na miaka 17, kijana alipanda meli kwenda nchi ambayo babu yake alikuwa ameikimbia. Alisoma Livingstone College, North Carolina, akamaliza 1893, akaanza udaktari Long Island na kuumalizia Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1897. Kazi ya kwanza aliipata Westborough, hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili katika jimbo la Massachusetts. Baada ya muda mfupi alikabidhiwa maabara, yaani kupasua maiti za wagonjwa na kutazama ubongo wao chini ya hadubini. Tangu 1899 alikuwa pia akifundisha chuoni Boston.

Kazi ya maiti haikuwa ya kugombewa. Lakini iliyomsumbua Fuller haikuwa harufu. Ni kwamba alijiona hajui vya kutosha. Alikuwa anakata, anatazama, na haelewi anachokiona. Basi mwaka 1900 akaenda New York, kwenye maabara ya Carnegie, kuongeza ujuzi. Aliporudi bado akaona haitoshi. Wakati ule mtu aliyetaka kuujua ubongo alikwenda Ujerumani, na mwaka 1904 Fuller akaenda.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mafunzo aliyoyapata Munich ndiyo kiini cha habari hii.

Emil Kraepelin alikuwa amefungua hospitali mpya ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu mjini humo mwaka ule ule wa 1904, na maabara ya ubongo alikuwa amemkabidhi rafiki yake Alois Alzheimer. Alzheimer alikuwa mjane mwenye mali aliyoachiwa na mkewe, na kwa muda alifanya kazi pale bila mshahara. Alichagua wasaidizi watano wa kigeni kwa ajili ya utafiti, na Fuller akawa mmoja wao. Mwafrika mmoja, mwaka 1904, kwenye meza za Munich! Si jambo dogo.

Alivyofundisha Alzheimer kumesimuliwa na wengi waliopita mikononi mwake. Hakusimama mbele kuhutubia. Alizunguka meza hadi meza, akaketi kando ya mwanafunzi, akainamia hadubini yake, akaeleza polepole anachokiona, na sigara yake kubwa akaiweka pembeni na kuisahau. Jioni ilikuwa desturi kukuta kipande cha sigara kwenye kila meza. Siku zile zilikuwapo rangi mpya za kutia kwenye vipande vyembamba vya ubongo, hasa ile ya madini ya fedha aliyoibuni Max Bielschowsky, ambayo iliwezesha nyuzi nyembamba ndani ya chembe za ubongo kuonekana wazi. Mwanafunzi alifundishwa kukata, kutia rangi, kuchora na kupiga picha. Kisha akapewa swali lake mwenyewe.

Hilo la kupewa swali lako mwenyewe ndilo ninalolisisitiza. Kuna mafunzo mengi siku hizi ambayo kijana wetu anapewa fomu ya maswali iliyotungwa ng'ambo, anaambiwa azunguke vijiji kuijaza, anapewa posho na cheti, na utafiti unaondoka na mwenyewe. Huyo amekuwa mkono wa mtu mwingine, mtafiti bado hajawa. Fuller alitoka Munich akiwa na macho yake.

Kabla ya kurudi, mwaka 1905, alipata pia nafasi ya kukutana na Paul Ehrlich, mwanasayansi aliyekuja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1908. Walizungumza mchana mzima, na Fuller aliuthamini mchana huo maisha yake yote.

Sasa tazameni kilichomngoja. Westborough haikuwa imempa kazi yake mtu mwingine. Maabara ilikuwapo, maiti zilikuwapo, kumbukumbu za wagonjwa zilikuwapo, na mwajiri alitaka kazi. Mwaka 1906 bibi mmoja wa Kijerumani, Auguste Deter, ambaye Alzheimer alimfuatilia tangu alipolazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51 tu, alifariki. Ubongo wake ulipelekwa Munich, na mwezi Novemba Alzheimer akawaeleza madaktari wenzake huko Tübingen alichokikuta: madoa yaliyotapakaa katikati ya chembe, na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Mkutano haukushughulika naye sana. Mwaka 1910 Kraepelin aliyaita maradhi hayo kwa jina la Alzheimer ndani ya kitabu chake.

Upande wa pili wa bahari, Fuller alikuwa tayari anaandika. Mwaka 1907 alichapisha utafiti kuhusu zile nyuzi. Mwaka 1911 alitoa utafiti kuhusu madoa katika ubongo wa wazee. Mwaka 1912 akachapisha kisa cha mgonjwa wa Westborough pamoja na mapitio ya visa vyote vilivyokuwa vimeandikwa hadi siku hiyo, kazi ambayo hata leo wanahistoria wa tiba huihesabu kuwa mapitio ya kwanza kamili ya maradhi hayo. Wasomaji wa Kiingereza waliijua kazi ya Alzheimer kwa sehemu kubwa kupitia yeye.

Wala hakuwa kasuku wa mwalimu wake. Fuller aliyakuta madoa yale hata kwenye ubongo wa wazee waliokufa na akili zao timamu, na akaona wapo waliochanganyikiwa ambao madoa hayaelezi hali yao. Alitilia shaka pia dai lililopendwa wakati ule kwamba mishipa kukakamaa ndiyo chanzo cha yote. Kwa maneno mengine aliuliza kama haya ni maradhi mapya kweli, au jina jipya. Zaidi ya miaka mia imepita na wakubwa wa fani hii bado wanabishana kuhusu madoa hayo hayo.

Kwetu Pwani jambo alilolihangaikia lina uzito wake. Kusahau kwa mzee kuna mahali pake ndani ya ubongo. Kunaonekana kwa hadubini. Si uchawi, si laana, wala si majini. Kilifi, kutojua hilo kunaweza kumgharimu mtu uhai. Kwa miaka mingi wazee wameshambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa ardhi. Mzee akipotea usiku, akakutwa alfajiri kwenye uwanja wa jirani, hana nguo na hawezi kueleza amefikaje, yumo hatarini. Daktari aliyekufa 1953 hawezi kumwokoa. Muuguzi aliyefunzwa kuitambua hali hiyo na kuketi na familia, anaweza.

Hadubini ya Fuller ilikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba ilisubiri mtu afe. Mtafiti wa huduma leo anafanya kazi na walio hai, na mfano mzuri uko jirani kabisa na Kajiado. Ukisimama Loitokitok na kuutazama Kilimanjaro, ng'ambo ya mlima, Tanzania, kuna wilaya ya Hai. Huko, mwaka 2009 na 2010, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na kukadiria kuwa kati ya kila mia, sita hivi wana dimenshia, jina ambalo madaktari hulitumia kwa maradhi haya ya kusahau kwa jumla, Alzheimer ikiwa ndiyo sababu yake kubwa.

Walipoanza kazi waligundua tatizo la vipimo. Vipimo vya Ulaya humtaka mgonjwa aandike sentensi au achore uso wa saa. Mzee asiyewahi kushika kalamu ataonekana mgonjwa hata akiwa mzima. Basi kikatengenezwa kipimo kingine: mzee anaulizwa daraja ni nini, anaombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kwa mfano aliowekewa. Mtu yeyote aliyekaa na wazee wa Kimaasai atakwambia kwamba mzee anayetaja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na ukoo ana kumbukumbu kuliko wewe na simu yako. Kipimo cha kujua lini kumbukumbu hiyo inaanza kupukutika lazima kitungwe na mtu anayeijua boma.

Hai hawakuishia kwenye kupima. Walijaribu pia tiba ya vikao, ambapo wagonjwa wachache huketi pamoja wakazungumza, wakaimba, wakacheza, wakakumbushana vitu vya ujana wao, vikao 14 kwa wiki saba. Hakuna dawa ndani yake. Asili yake ni London, lakini ilibidi ifumwe upya ili ifae kijijini, na walioiendesha walikuwa wahudumu wa huko huko waliofunzwa. Hii ndiyo maana ya utafiti wa huduma. Swali lake ni familia ifanye nini kesho asubuhi, na jibu lake hupimwa sawasawa na dawa inavyopimwa.

Mtu wa Kitengela akiuliza apate wapi ujuzi huo, milango ipo, ingawa si mipana. Chuo Kikuu cha Aga Khan kina taasisi ya ubongo na akili Nairobi. Ipo taasisi ya afya ya ubongo yenye makao mawili, Trinity College mjini Dublin na Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, ambayo huwachukua wanafunzi wa nchi mbalimbali kwa ufadhili wa Atlantic, na haichukui madaktari peke yao: hata waandishi, wasanii na wachumi huomba. Na sisi wenyewe tuna Kilifi kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza 1989, ambacho kimelea wanasayansi wengi wa Kiafrika, ingawa sifa zake zimetokana zaidi na malaria na afya ya watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimenshia duniani, zaidi ya asilimia 60 wakiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Watafiti hawakugawanywa kwa hesabu hiyo.

Lakini mlango wa kuingilia si shida kubwa. Shida ni wa kurudia. Tangu 2013 afya iko chini ya kaunti. Muuguzi akiondoka mwaka mmoja kusoma, anaporudi hukuta hakuna cheo kinacholingana na alichosomea, anarudishwa wodi ya uzazi au dirisha la kutoa sindano, na baada ya muda anatafuta kazi nchi za nje. Siilaumu kaunti ya Kajiado peke yake. Ni yale yale Kwale, Tana River na Lamu.

Fuller alirudi kwenye maabara. Kwa hilo alikuwa na bahati. Kwenye cheo na mshahara hakuwa nayo.

Mwaka 1909 alimwoa Meta Warrick, mchongaji sanamu aliyesomea Paris na kusifiwa na Rodin. Walipotaka kuhamia Framingham, majirani weupe walijaribu kuwazuia. Wakahamia hivyo hivyo, wakajenga nyumba Warren Road na kulea watoto watatu wa kiume. Mwaka huo huo Fuller alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mikutano ya Chuo Kikuu cha Clark iliyowaleta Sigmund Freud na Carl Jung Marekani. Bado mshahara wake ulikuwa chini ya wenzake weupe wa kazi ile ile.

Aliacha Westborough mwaka 1919 na kuelekeza nguvu zake chuoni. Hapo ndipo ilipokuja kazi ambayo kwangu mimi ina uzito kuliko hata ile ya 1912. Mwaka 1923 ilifunguliwa Tuskegee, Alabama, hospitali ya askari wastaafu weusi. Wazungu wa mji ule walitaka hospitali ya weusi iongozwe na madaktari weupe, na hoja yao ilikuwa nyepesi: hakuna weusi wenye ujuzi wa magonjwa ya akili. Fuller aliwachukua madaktari vijana weusi waliopelekwa Boston, wakiwemo George Branche na Toussaint Tildon, akawafundisha kutambua magonjwa ya akili na ya neva, hasa kaswende iliyofika ubongoni, ambayo ilikuwa ikipita bila kutambuliwa. (Msomaji asichanganye jambo hili na ule utafiti wa aibu wa kaswende ulioanza Tuskegee mwaka 1932, huo ni mwingine.) Walirudi kwenye hospitali iliyowahitaji, na Tildon baadaye akawa mkuu wake. Alichokipata Fuller kwa Alzheimer, akawapa hao.

Chuoni Boston, kwa miaka kama mitano alikuwa akiendesha idara ya neva bila kuitwa mkuu wake. Mwaka 1933 mzungu aliyekuwa chini yake kwa cheo alipandishwa kuwa profesa kamili na mkuu wa idara. Fuller akastaafu. Alikuwa na miaka 60. Chuo kilimpa heshima ya uprofesa mstaafu, heshima isiyo na gharama kwa anayeitoa. Alisema wazi kwamba rangi yake ndiyo iliyomzuia, na hakuna aliyemkanusha kwa hoja.

Anayetangaza mafunzo kwa vijana wa Kajiado au wa Kilifi angefanya vyema aandike kwenye tangazo hilo hilo ni nani atakayewaajiri wakirudi, kwa cheo gani.

Baada ya kustaafu Fuller aliendelea kutibu. Alipenda bustani na kufunga vitabu kwa mikono yake. Kisukari kilimla macho pole pole, na katika miaka ya 1940 akawa kipofu, mtu aliyeishi kwa kutazama vitu vidogo kuliko vyote. Hakuacha wagonjwa wake.

Aliyemtunza ni Meta. Mwaka 1950 aliifunga karakana yake ya sanamu ili amhudumie mumewe, kisha yeye mwenyewe akaugua kifua kikuu na kulazwa sanatoriamu. Fuller alifariki tarehe 16 Januari 1953. Mwaka 1974 kituo cha afya ya akili mjini Boston kilipewa jina lake. Meta alipona, akarudi kwenye udongo na patasi, na akaendelea kuchonga hadi alipofariki mwaka 1968.